Upepo wa tairi

Mwalimu wangu wa sayansi alikuwa mkali: ndani ya tairi mna hewa, si upepo, kwa kuwa upepo ni hewa inayokwenda. Lakini fundi wa pancha, awe wa Arusha au Isiolo, atakuuliza, "Nikujazie upepo?" Nami nasimama na fundi. Upepo ni ndugu wa pepea, peperuka na kipepeo. Neno hilo lina mwendo ndani yake, na mwendo ndio tunaoutafuta.

Anayejiandaa kusafiri na kulala porini na gari lake huanza na vikubwa: hema la juu ya paa, winchi, taa kali. Ningemwomba aanze na kipimo cha upepo na pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri. Kwenye mchanga wa Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ukishusha upepo kutoka PSI 35 hadi karibu 18, tairi hutandaza unyayo wake na gari hupita pale ambapo lingezama. Ila usikate kona kwa kasi, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Ukirudi kwenye lami, jaza kwanza: tairi lenye upepo mdogo likienda mbio huchemka hadi kupasuka.