Johkasou

Johkasou ni mtambo wa kusafisha maji taka unaofukiwa kwenye kiwanja cha nyumba au biashara, hasa nchini Japani, mahali ambapo mabomba ya maji taka ya mji hayajafika. Uchafu mzito hutuama katika vyumba vya kwanza visivyo na hewa. Katika chumba kinachofuata, pampu ndogo hupuliza hewa mchana na usiku, na bakteria walioshikamana na vipande vya plastiki hula uchafu ulioyeyuka. Maji hutuama tena, hupita kwenye vidonge vya klorini, kisha hutoka.

Sheria ya Johkasou ya 1983 inataka matengenezo ya mara kwa mara, uondoaji wa tope na ukaguzi wa kila mwaka; bila hayo mtambo huharibika upesi. Marekebisho ya 2000 yalikomesha uwekaji wa mitambo mipya inayosafisha maji ya choo peke yake. Uamuzi huo ulikuwa wa maana sana, kwa kuwa maji ya jikoni, bafuni na ya kufulia yalikuwa yakimwagwa mitoni jinsi yalivyo.

Katika baadhi ya majengo, maji yaliyosafishwa huchujwa zaidi yakatumika kuvuta choo au kumwagilia bustani. Hayafai kunywewa.