Usizime Kifaa

Jioni moja mama mwenye nyumba aliniita sebuleni. "Mwanangu, wewe si unasoma chuo kikuu? Hebu niangalizie hii Wi-Fi. Bando linaisha kabla ya wakati, na humu ndani tuko wanne tu."

"Mama, mimi nasoma historia."

Akanisogezea kiti.

Ruta ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Niliingia kwenye mipangilio yake kwa nenosiri la kiwandani, lililobandikwa chini ya kifaa. Sehemu ya usalama ilikuwa na orodha fupi ya kuchagua: WEP, WPA, WPA2. Kumbe historia ilikuwepo, tena imepangwa kwa mfuatano wa miaka.

WEP ilikuja 1997 pamoja na kiwango cha kwanza cha 802.11 cha mitandao isiyo na waya. Ufunguo wake wa awali ulikuwa wa biti 40 tu, kwa kuwa Marekani wakati huo ilibana uuzaji nje wa usimbaji wenye nguvu. Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba hata ufunguo mrefu usingeiokoa: mtu akinasa mawasiliano ya kutosha, anaweza kuukokotoa ufunguo wenyewe.

Lakini vifaa vilikuwa vimeshauzwa. Ndiyo maana WPA, iliyoanza kutumika 2003, ilibuniwa iweze kuingia katika vifaa vilevile vya zamani kwa kubadilisha famwea, yaani programu inayokaa ndani ya kifaa na kukiendesha. Ilikuwa kiraka cha muda tu. Mwaka 2004 ikafika WPA2, yenye usimbaji imara zaidi.

Dawa ilikuwepo, basi. Kazi ilikuwa kuinywa. Mwaka 2005 wezi walipenya TJX, kampuni ya Marekani yenye maduka mengi ya nguo, kupitia Wi-Fi iliyokuwa bado inalindwa na WEP. Walipogunduliwa mwishoni mwa 2006, taarifa za kadi zisizopungua milioni 45 zilikuwa zimekwenda. Kampuni ilikuwa imeanza kuhamia WPA, ila polepole.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliwacheka. Sebuleni kwa mama sikucheka. Ruta yake ilikuwa kwenye WPA ile ya kwanza, kiraka cha muda, na famwea haikuwa imeguswa tangu inunuliwe. Nikachagua WPA2 na kuweka nenosiri jipya. Hilo peke yake halikutosha: mwaka 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alitangaza dosari ndani ya WPA2 yenyewe, na iliyoiziba ni kusasisha programu za simu, kompyuta na baadhi ya ruta. Nikapakua famwea mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji.

Onyo likatokea: usizime kifaa hadi kazi ikamilike. Umeme ukikatika katikati, ruta inaweza isiwake tena. Siku ile mtaani kwetu ulikuwa umeshakatika mara mbili.

"Ikifa?" mama aliuliza.

"Tutanunua nyingine."

"Wewe na nani?"

Hapo nikaelewa namna watu wenye akili zao wanavyoweza kuahirisha mwaka hadi mwaka. Hasara ya kusasisha ilikuwa mbele yetu, juu ya kabati, na bei yake tunaijua. Hasara ya kutosasisha haikuwa na sura.

Nikabofya. Taa zote zikazimika. Tulikaa dakika kadhaa bila kusema neno, mama akitazama ruta, mimi nikitazama balbu ya dari. Kisha taa moja ya kijani ikawaka, ikafuata nyingine.

Kabla sijarudisha kitambaa, mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa kijana wa nyumba ya jirani, simu mkononi.

"Shikamoo mama. Samahani, leo mtandao una shida?"