Tulichukua Basi, Tukaiacha Ramani

Kila mwaka, ninapofundisha historia ya miji, hatokosekani mwanafunzi wa kuuliza: je, tukinunua mabasi ya umeme, moshi wa Dar es Salaam hautakwisha? Humjibu kwa kumrudisha nyuma hadi Curitiba, kusini mwa Brazili, mwaka 1966.

Mwaka huo Curitiba ilipitisha mpango mkuu ulioanza na ardhi kabla ya magari. Wapangaji walichora mihimili michache ya kutokea katikati ya mji, wakaelekeza majengo marefu na biashara zifuate mihimili hiyo, na usafiri wa umma upite humo humo. Mwaka mmoja kabla, ilikwisha kuundwa taasisi ya utafiti na mipango miji, IPPUC, ya kuusimamia mpango usije ukaozea kabatini. Jaime Lerner, msanifu majengo aliyetoka katika taasisi hiyo, akawa meya mwaka 1971. Mwaka 1974 mabasi ya haraka yakaanza kupita katika njia zake yenyewe. Makazi yalikuwa karibu na njia, na abiria wengi walibebwa kwa mafuta machache.

Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, iliiga mfano huo na kuanzisha TransMilenio mwaka 2000. Kupitia huko, ukatufikia sisi. Mei 2016 mabasi yetu ya mwendokasi yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni, katika mtandao wa takribani kilomita 21, na mwaka 2018 Dar es Salaam ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tulistahili kujivunia.

Hata hivyo, naona tulichukua nusu ya somo. Mipango mikuu hatukuikosa: tulikuwa na wa 1949, wa 1968 na wa 1979. Lakini mji ulikua kwa kasi kuliko upimaji wa viwanja, na wananchi wakajenga walikoweza kumudu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Wengi wao wako pembezoni, na kazi bado ziko Posta na Kariakoo. Mkazi wa Chanika huanza kutumia nishati nyingi siku anaponunua kiwanja, kabla hata hajapanda gari. Basi la umeme litampunguzia moshi, safari halitaifupisha.

Curitiba nayo si pepo. Ardhi ya kandokando ya mihimili ilipanda bei, na maskini wengi wakasukumwa nje ya mji. Hilo nalo ni somo, tena linatuhusu sasa, wakati njia za mwendokasi zinaelekea Mbagala na Gongo la Mboto. Ardhi iliyo jirani na vituo itakuwa ya nani? Ikiachiwa soko peke yake, itakuwa ya maduka makubwa na maegesho, na mpanda basi atahamia mbali zaidi.

Kwa hiyo ninyi watumishi wa umma mnaonisoma, faili la barabara na faili la makazi yawekwe meza moja. Nanyi wanaharakati, mnapodai hewa safi, dai lenu la kwanza liwe nyumba za bei nafuu karibu na kituo.