Kipofu na Kengele za Utrecht

Wengi wetu tumezoea kengele moja ya kanisa, au hata kipande cha reli kilichoninginizwa mtini. Leo twende Utrecht, Uholanzi, kwenye mnara wa Dom, mita 112 kwenda juu, uliojengwa kati ya 1321 na 1382. Mwaka 1674 dhoruba iliangusha sehemu ya katikati ya kanisa. Mnara ukabaki peke yake na kengele zake.

Kengele hizo huitwa karilioni: nyingi, zimepangwa kwa sauti, hata mtu mmoja aketiye akigonga vipini vya mti kwa ngumi aweza kupiga wimbo mzima. Nyingi kati yake zilitengenezwa na François Hemony, 1664. Lakini siri yake ilitoka kwa kipofu! Jacob van Eyck, mwangalizi wa kengele za mji, alitambua kwamba kengele moja hubeba sauti kadhaa, nazo zisipopatana sikio huumia. Basi Hemony na nduguye Pieter wakazikereza kengele kwa ndani, kidogo kidogo, kwani madini yakishatoka hayarudi. Van Eyck alifariki 1657, hakuzisikia hizi mpya.

Tena hazijiangalii zenyewe. Nyaya hulegea kwa joto na kukaza kwa baridi. Ndimi za chuma hulika kwa kugonga, na sauti ikawa kali. Mnara wenyewe, ambao ni mali ya mji, ulizungushiwa majukwaa ya mafundi mwaka 2019, na matengenezo yakamalizika 2024.