Miraa, mboni ya jicho na haraka za pikapu za Maua

Leo programu zipumzike kidogo, tuangalie moja tuliyozaliwa nayo.

Mulika tochi kwenye jicho la mtu: mboni inabana kabla hajawaza lolote. Shina la ubongo linajibu lenyewe, halisubiri amri. Sasa mmulike mtafunaji miraa wa Maua, Meru, au wa muguka kule Mbeere, Embu. Mboni zake zimepanuka!

Wakemia walihangaika na mmea huu miaka mingi. Mwaka 1930 walitambua kathini ndani yake, lakini ni dhaifu mno kueleza kukesha kule. Tatizo ni sampuli: majani yaliyofika Ulaya yalikuwa makavu. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ikachunguza majani mabichi, ikakuta kathinoni. Hii huzifanya ncha za neva zimwage dopamini na noradrenalini, na noradrenalini ndiyo inayokaza msuli wa kupanua mboni. Jani likinyauka, kathinoni inageuka kathini.

Wakulima wa Nyambene hawakungoja maabara. Wao huifunga miraa kwa majani ya migomba, halafu pikapu zinakimbia Nairobi kama zinafukuzwa.