Nani Ana Ngazi?

Kuna kisanduku cheupe kwenye nguzo ya taa pale sokoni, karibu na ninapoishi. Kina antena mbili fupi, kama pembe za mbuzi mdogo. Kilipowekwa tulikuwa tunajaa chini yake kila jioni. Wanafunzi walikuja kutafuta mitihani ya miaka iliyopita, wasusi kupakia picha za kazi yao, watu wa boda kuangalia magoli. Mimi nilikuja na laptopu yangu ambayo chaji haikai. Makala yangu ya kwanza ya kulipwa niliituma nikiwa nimekalia kreti ya soda pale.

Halafu siku moja ile taa ndogo ya kijani ikazima. Tukangoja wiki, tukangoja mwezi. Stika iliyokuwa ubavuni imeshachunika kwa jua na mvua, kwa hivyo hata ukitaka kulalamika hujui utamlalamikia nani. Mama anayeuza viazi hapo amefunga kamba ya turubai lake kwenye nguzo ile ile. Juzi aliniuliza, "Kwani hiki kidude ni cha nani, kijana?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, nikanunua bando, nikaanza kusoma kuhusu miji iliyowahi kutaka Wi-Fi ya mji mzima. Nilidhani ni ndoto ya juzi. Kumbe ina zaidi ya miaka 20, na mji ulioiota kwa kelele nyingi zaidi ni Philadelphia, Marekani.

Turudi 2004. iPhone bado haijazaliwa, itakuja 2007. Hapa Kenya intaneti bado inatoka kwa satelaiti, maana nyaya za chini ya bahari zitafika Mombasa 2009. Ukitaka kufungua barua pepe unaenda saiba na unalipia dakika. Philadelphia nayo, mji wa watu kama milioni moja na nusu, ina mitaa mingi ambayo watu wake hawawezi kulipia intaneti ya nyumbani. Meya John Street akasema mji wote utafunikwa na mawimbi. Eneo lenyewe ni kama kilomita za mraba 350, yaani nusu ya Nairobi. Vifaa vingetundikwa kwenye nguzo za taa za barabarani. Kuonjesha watu, walianza na bustani ya LOVE Park katikati ya mji, ukikaa kwenye benchi unapata Wi-Fi bila kulipa.

Meya akaunda kamati. Kamati ikaita mikutano, ikakusanya maoni ya wakazi, wafanyabiashara na mashirika ya mitaani. Mapema 2005 mpango ukatoka. Gharama ya kujenga ilikadiriwa kuwa kama dola milioni 10, na shirika lisilo la faida, Wireless Philadelphia, lingeundwa kusimamia jambo zima kwa niaba ya wananchi. Ukiusoma mpango huo leo unaona watu waliokuwa serious. Walijua kwamba mawimbi peke yake hayasaidii mtu asiye na kompyuta, kwa hivyo waliweka pia habari za mafunzo na mashine za bei nafuu.

Lakini kabla hata mpango haujatoka, kampuni za simu zilikuwa zimeshaamka. Mwezi wa Novemba 2004 Gavana wa Pennsylvania, Ed Rendell, alitia sahihi sheria iliyosema hivi: mji ukitaka kuuza intaneti kwa watu wake, lazima kwanza uiulize kampuni ya simu ya eneo hilo kama inataka kuileta yenyewe. Ikikubali, mji unakaa kando. Rendell mwenyewe aliwahi kuwa meya wa Philadelphia. Philadelphia ilipona kwa sababu Verizon ilikubali isiizuie. Miji mingine ya jimbo hilo haikubahatika hivyo.

Sasa hapa ndipo hadithi inageuka, na inageuka polepole, bila mtu kupiga kelele. Mji haukutaka kutumia pesa za walipa kodi. Ukatafuta kampuni, na mwishoni mwa 2005 ukaichagua EarthLink. Makubaliano yalikuwa matamu: kampuni itajenga kwa pesa zake, itaumiliki mtandao, itaulipa mji kwa kutumia nguzo zake, na watu wa kipato cha chini watalipa dola 9.95 kwa mwezi, kama nusu ya bei ya wengine. Mji hautoi senti. Ukiangalia haraka, nani angekataa?

Ila angalia neno lililobadilika. Mpango wa kwanza ulikuwa mtandao wa watu. Mkataba ulikuwa mtandao wa EarthLink. Wananchi waliulizwa wanataka nini. Kwenye meza ambapo iliamuliwa mali itakuwa ya nani, wao hawakuwepo.

Kisha ukuta ukaingia kwenye hesabu. Philadelphia imejaa nyumba za matofali zilizobanana mstari mzima. Wi-Fi inatumia nguvu ndogo, na ikigonga matofali inachoka. Mtu alikuwa anaona mtandao vizuri akiwa barabarani, akiingia sebuleni unapotea, mpaka anunue au apewe kifaa kingine cha kuvuta mawimbi. Vifaa vya kwenye nguzo navyo vikahitajika vingi kuliko ilivyokadiriwa, na gharama ikapanda. Wateja waliojiandikisha walibaki elfu chache tu, katika mji wa watu milioni moja na nusu.

Januari 2007 mkuu wa EarthLink, Garry Betty, aliyeiamini sana biashara hii, akafariki. Mkuu mpya alipokalia kiti akaangalia vitabu vya hesabu. Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi kama 900. Mei 2008 ikasema inaondoka Philadelphia. Na hapa kuna kitu kilichonifanya niweke simu chini kwanza. EarthLink ilikuwa tayari kuuachilia mtandao wote, ulioigharimu mamilioni ya dola, uende bure kwa mji au kwa shirika lisilo la faida. Mazungumzo yakavunjika. Kupewa vifaa ni rahisi. Kazi ni kulipa stima, kulipa mafundi, na kumtuma mtu na ngazi kila kisanduku kikifa, na mzigo huo ulikosa wa kuubeba.

Wawekezaji wa pale pale mjini waliuokota kwa muda. Mwishowe mji wenyewe ukaununua, kwa dola milioni 2, ili utumike kwa kazi za serikali ya mji na usalama. Mtandao ulioanzishwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida ukaishia kuwa wa ofisi.

San Francisco yaliyotokea yanachekesha kidogo, kama si ya kusikitisha. Meya Gavin Newsom aliahidi Wi-Fi ya bure 2004. EarthLink na Google wakachaguliwa kwa pamoja: Google ingetoa intaneti ya bure ya kasi ndogo, EarthLink ingeuza ya kasi. Madiwani wakabishana mwaka mzima kuhusu faragha, kasi na mkataba. Agosti 2007 EarthLink ikajitoa. Novemba wananchi wakapiga kura, swali likiwa kama wanataka Wi-Fi ya bure mji mzima. Wakasema ndiyo, kwa mtandao ambao mjenzi wake alikuwa ameshaondoka.

Sitaki kuwafanya watu hawa wajinga. Waliosema pesa za umma zisitiwe kwenye teknolojia inayozeeka haraka walikuwa na hoja. Simu zenye intaneti zilikuja mbio na kuwapita wote. Hata mji ungejenga wenyewe, labda ungepata hasara vilevile. Lakini hasara ya mji ungeweza kuijadili kwenye mkutano. Hasara ya kampuni unaisoma kwenye tangazo, wakati uamuzi umeshafanyika.

Mwaka ule ule wa 2004, huko Catalonia, Uhispania, kulikuwa na watu ambao hakuna kampuni iliyowataka. Kijiji kinaitwa Gurb. Jamaa mmoja, Ramon Roca, alichoka kungoja intaneti nzuri, akaelekeza antena kuvuta mawimbi kutoka mji jirani. Majirani wakaunganisha zao. Wakaandika kanuni: ukijiunga, kifaa chako ni chako na kukitunza ni juu yako, lakini unakubali mawimbi ya wengine yapite kwako, kama wao wanavyokubali yako. Wakauita guifi.net. Leo una vituo zaidi ya 30,000, na baadaye wakaanza kuvuta hata faiba wenyewe. Haukuanza na meya wala tamasha la uzinduzi. Ulianza na mtu juu ya paa, na kila mtu alijua paa ni la nani.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Pale Kibera, Tunapanda Institute ilijenga TunapandaNET, mtandao wa mawimbi unaounganisha shule na vituo vya vijana, na vijana wa hapo hapo wakafunzwa kupanda, kufunga na kurekebisha. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka mpango wa leseni kwa mitandao ya kijamii ya aina hii. Kwa hivyo sheria inaruhusu, na mafundi wapo.

Nasi bado tunaahidiwa. Serikali iliyoingia 2022 ilisema itaweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma nchi nzima. Sina ubaya na ahadi hiyo. Intaneti ya bure ndiyo iliyonipa kazi baada ya chuo kunishinda, siwezi kuicheka. Lakini nimekaa kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma, vile ambavyo Katiba ya 2010 inadai, na naijua ratiba yake. Kuna hema, maji ya chupa, fomu ya kuweka sahihi, na swali ni lile lile la Philadelphia: mnataka nini? Tunanyoosha mikono. Tunataka Wi-Fi, tunataka taa, tunataka choo cha soko. Yote yanaandikwa. Halafu karatasi inaenda kwenye chumba kingine, na huko ndiko inaamuliwa kitu kitakuwa cha nani.

Kikao kijacho cha wadi yetu nitaenda. Nimemwambia mama wa viazi twende wote, akasema ataangalia kama kuna mtu wa kumshikia meza. Nikipewa kipaza sauti sitaomba kitu kipya. Nitauliza kile kisanduku cha pale sokoni kimeandikwa kwa jina la nani, stima yake inalipwa kutoka mfuko gani, na kikizima, nani ana ngazi. Kama hakuna mwenye jibu, kuna fundi wa dishi mtaa wa pili. Ngazi anayo. Tunachohitaji ni ruhusa ya kupanda.