Simu Umenunua, Lakini Inamtii Nani?

Shuleni tulikariri hivi: maunzi ni kile unaweza kugusa, programu ni kile huwezi kugusa. Unaandika, unapewa alama zako mbili, maisha yanaendelea. Kwa mtihani hiyo inatosha. Kwa maisha, wasee, haitoshi hata kidogo. Mpaka kati ya maunzi na programu umekuwa ukihamahama tangu kompyuta zianze, na kila ukihama kuna mtu anafaidika na mwingine anaumia. Siku hizi anayeumia mara nyingi ni wewe na hiyo simu yako.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1946, huko Philadelphia, Marekani, dunia ilionyeshwa mashine inaitwa ENIAC. Ilikuwa na valvu za kioo karibu 18,000 na uzito wa tani kama 30. Ukitaka ifanye hesabu mpya, hukuandika kitu. Ulichomoa waya hapa, ukachomeka pale, ukageuza swichi moja baada ya nyingine, na kazi hiyo ingeweza kuchukua siku kadhaa. Waliobobea kwa kazi hiyo walikuwa wanawake sita, wakiwemo Kay McNulty na Betty Jennings. Sasa niambie: hizo nyaya zilikuwa maunzi ama programu? Kugusa unaweza. Lakini mpangilio wake ndio uliokuwa programu yenyewe.

Tarehe 21 Juni 1948, mashine moja ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliendesha programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki. Kuanzia hapo maagizo yangebadilishwa bila kuhangaika na nyaya, na watu wakaanza kuona vitu viwili mahali palipokuwa na kimoja. Mwaka 1958 mwanahisabati John Tukey akatumia neno "sofutwea" katika makala yake.

Ungedhani basi mambo yalinyooka. Wapi!

Angalia kompyuta iliyoongoza Apollo 11 hadi mwezini mwaka 1969. Programu zake ziliandikwa na timu ya MIT ambayo Margaret Hamilton alikuja kuiongoza. Zikishakamilika, zilipelekwa kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts, ambako wanawake wenye mikono makini walizifuma. Ndiyo, walizifuma, kama nyanya anavyosuka kiondo. Waya ukipita ndani ya kipete kidogo cha sumaku, hiyo ni moja. Ukipita nje, hiyo ni sufuri. Kumbukumbu hiyo ya kudumu ilikuwa na maneno 36,864, yaani chini ya kilobaiti 80. Kosa likionekana baada ya kufuma, hakukuwa na kufuta na kuandika upya. Moduli ilitengenezwa tena. Hiyo ilikuwa programu, na ungeweza kuishika mkononi. Mwalimu angekupa alama ngapi hapo?

Upande wa biashara nako kulikuwa na vituko. Aprili 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360. Ujanja wake ulikuwa huu: kubwa kwa ndogo, zilielewa maagizo yale yale. Ndani sasa, kila moja na siri yake. Kwenye Model 75, ya wenye pesa, agizo lilitekelezwa na saketi zilizojengwa kwa kazi hiyo. Kwenye Model 30, ya bei nafuu, agizo hilo hilo lilivunjwa kuwa hatua ndogo ndogo zilizoandikwa kwenye kadi za plastiki zilizotobolewa, zimefichwa ndani ya mashine. Hatua hizo zinaitwa maikrokodi, na wazo lake Maurice Wilkes wa Cambridge alikuwa amelieleza tangu 1951. Mwenye kuandika programu hakuona tofauti, isipokuwa kasi. Kitu kile kile, huku ni waya, kule ni maandishi.

Mwaka 1967 Ascher Opler, akiandika kwenye jarida la Datamation, aliona kitu hiki cha katikati kinahitaji jina lake. Akakiita famuwea. Mimi nalipenda hilo jina kwa sababu ni la ukweli. Ni kama kusema wazi kwamba visanduku viwili havikutosha.

Hadi hapa unaweza kusema, "Sawa, hizo ni stori za mainjinia, zinanihusu nini?" Zilianza kukuhusu siku mambo yalipofika kortini.

Mwaka 1982 kampuni ya Franklin ilileta sokoni kompyuta iliyofanana na Apple II. Ndani yake walikuwa wamenakili programu za Apple, zikiwemo zile zilizokaa ndani ya chipu za ROM. Apple ikashtaki. Franklin hawakukana kunakili. Hoja yao moja ilikuwa kwamba programu ikishawekwa ndani ya chipu inakuwa sehemu ya mashine, na sehemu ya mashine hailindwi na hakimiliki, kama vile gia ya baiskeli haina hakimiliki. Mahakama ya kwanza ilikataa kuwazuia. Lakini Agosti 1983 mahakama ya rufaa ikageuza mambo: programu ina hakimiliki hata ikiwa imezikwa ndani ya silikoni.

Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa na haki yake, maana jasho la mwandishi ni jasho. Lakini ona matokeo. Chipu ni yako, ulichonunua. Kilichoandikwa ndani ya chipu bado kina mwenyewe. Ni kama kuuziwa nyumba nzima, halafu chumba kimoja ufunguo wake ubaki kwa landilodi.

Na maunzi nayo yakaendelea kulainika. Mwaka 1994 profesa Thomas Nicely aligundua kwamba chipu ya Pentium ya Intel inakosea kugawanya baadhi ya namba. Chanzo? Jedwali lililochongwa ndani ya chipu lilikuwa limekosa baadhi ya namba zake. Jedwali tu, manze! Lakini kwa kuwa lilikuwa ndani ya silikoni, hakukuwa na apdeti. Ilibidi chipu zenyewe zibadilishwe, na Intel ikatenga dola milioni 475 kwa hasara hiyo. Ruka hadi Januari 2018, udhaifu unaoitwa Spectre ukatangazwa, nao ulikuwa ndani ya chipu. Safari hii watengenezaji walitoa maikrokodi mpya, zikawafikia watu kupitia intaneti. Hakuna aliyeshika bisibisi. Hiyo ni baraka kubwa. Pia ni onyo: anayeweza kurekebisha chipu yako akiwa mbali anaweza pia kuibadilisha akiwa mbali.

Sisi Wakenya tumekula matunda ya huu mpaka usioeleweka. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini. Kile kikadi ni kompyuta ndogo, ina programu zake. Ndiyo maana hata mulika mwizi iliweza kutuma pesa bila kupakua chochote. Programu ilijificha ndani ya maunzi, na mama mboga akapata benki mfukoni.

Mbinu hiyo hiyo sasa inaweza kukufunga. Chukua simu za mkopo. Ukichelewesha malipo, skrini inafungwa na mtu hujamwona, na hata ukifuta kila kitu kufuli linaweza kubaki, kwa sababu limewekwa chini kuliko pale unaweza kufika. Dawa ya deni ni kulipa, hapo sibishani. Swali langu ni la yule amemaliza kulipa: nani anamhakikishia kwamba kufuli limetoka kabisa?

Chukua pia vipuri. Fundi wa Luthuli anaweza kuwa na skrini halisi, imetoka kwa simu kama yako kabisa. Anaiweka vizuri, halafu simu inaanza kulalamika ama inazima baadhi ya vitu, kwa sababu famuwea haitambui namba ya hiyo skrini. Skrini haina shida, fundi hana shida. Kilichokataa ni maandishi. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha sheria iliyotiwa saini Machi 2024 kuuwekea mipaka mtindo huu. Hapa kwetu, ambako mafundi ndio wanaofanya simu moja ihudumie watu watatu mfululizo, hilo jambo linafaa kutuuma zaidi kuliko watu wa Oregon.

Kwa hivyo mimi nimeachana na swali la kama kitu kinaguswa au hakiguswi. Nyaya za ENIAC ziliguswa, kumbukumbu ya Apollo iliguswa, chipu ya Franklin iliguswa. Swali lenye maana ni nani ana uwezo wa kukibadilisha. Kabla ya kutoa pesa yako, muulize muuzaji vitu vitatu: simu itapata apdeti hadi mwaka gani, fundi wa nje akiweka kipuri itakubali, na kama ni ya mkopo, utapewa nini kwa maandishi siku kufuli litatolewa. Akianza kukuonyesha kamera, rudia swali.